Anza na mbao, picha baadaye: mwongozo kamili wa fanicha na mapambo ya vitu vilivyotumika

Meza yangu ya kwanza ya paleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo ghalani, niliianza Jumamosi asubuhi, na Jumapili jioni ilikuwa sebuleni imepakwa vanishi, wageni wanaisifu. Wiki ya tatu mbao zake zilikuwa zimejikunja kingo kama jani la mgomba juani, kikombe cha chai hakisimami. Ilikuwa Aprili, mvua haikatiki, na paleti zile nilizitoa uani zikiwa zimelowa chepechepe. Macho yangu yalikuwa kwenye picha niliyoiona kwenye simu, sikuzitazama mbao zenyewe.

Ninaishi Walukuba, Jinja, mtaa ambao Msoga, Mluo, Mlugbara na Mnubi wakikutana bombani wanasalimiana kwa Kiswahili, na ambako mtu akipasua mbao uani majirani wote huja kutoa ushauri. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyapata kwao, mengine nimeyapata kwa kuharibu. Tutashughulika kwa kirefu na meza ya sebuleni, kwa sababu aliyeweza meza ataweza benchi, rafu na kitanda cha mtoto. Kigoda cha tairi na mapambo vitafuata.

Jambo moja uliweke akilini tangu sasa: fanicha ya namna hii haiji bure. Mbao utazipata rahisi, lakini utalipa kwa siku zako, kwa msasa na kwa skrubu. Anayekwambia ni kazi ya saa mbili hajawahi kung'oa msumari wa paleti.

Mahali pa kupata mbao

Kwenye miji yenye viwanda, paleti zilizovunjika hurundikwa nyuma ya ghala. Hapa Jinja mimi huanza kwa mlinzi wa lango, ila simalizii kwake: humwomba anipeleke kwa anayesimamia stoo. Lipa, halafu dai karatasi yenye sahihi hata kama ni kipande tu cha daftari. Boda iliyobeba paleti tano haipiti barabarani bila mtu kuuliza umezitoa wapi, na neno "nimepewa" halimtoshi kila anayeuliza. Ukiwa Kampala, jaribu Namanve na Industrial Area kwa paleti, maduka ya Kikuubo kwa masanduku madogo ya bidhaa, na karakana za Ndeeba kwa vipande vifupi ambavyo mafundi hawavihitaji. Wauza vioo na vigae nao wana masanduku ya mbao nyembamba, safi kuliko paleti nyingi.

Hazina kubwa zaidi iko kwenye nyumba zinazobomolewa. Milango na fremu za madirisha za zamani mara nyingi ni mvule, mbao ambayo leo ukiambiwa bei yake dukani unarudi nyumbani kimya. Ukisikia ukuta unaangushwa, nenda siku hiyohiyo, kwa sababu kesho yake mafundi wameshazigawana. Tahadhari moja: vumbi la mvule huwasha pua na ngozi, kwa hiyo funga kitambaa usoni unapoipiga msasa.

Kreti za soda ziache. Hata ikiwa imekaa nyuma ya duka mwaka mzima, kreti hiyo ina mwenyewe, na muuza duka ameiwekea amana.

Soma paleti kabla ya kuibeba

Paleti iliyovuka mpaka huwa na muhuri uliochomwa ubavuni: mchoro wa shuke, herufi IPPC (mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea), herufi mbili za nchi (UG, KE, IN, CN) na herufi mbili za matibabu. Hizo za mwisho ndizo unazozitafuta. HT maana yake mbao zilipashwa moto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, ili wadudu wafe. Hiyo ni salama. DH pia ni joto, ila limetengenezwa kwa mawimbi, kama maikrowevu. MB ni methili bromidi, gesi yenye sumu, na paleti ya MB mimi siiingizi nyumbani hata nikipewa bure.

Sasa usidanganyike na muhuri. Unakwambia wadudu waliuawa vipi, haukwambii kilichomwagika baadaye. Paleti ya HT inaweza kuwa imebeba dawa za mimea miaka miwili. Ile isiyo na muhuri inaweza kuwa imetengenezwa papa hapa, haijawahi kuuona mpaka, nayo ni safi kabisa. Kwa hiyo tumia pua na macho: madoa ya mafuta, unga mweupe au wa rangi, harufu ya kemikali, vyote hivyo ni sababu ya kuiacha. Na sisi tulio kando ya ziwa tuna tatizo letu: paleti iliyobeba samaki. Nimeiosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu, nikaianika mwezi mzima. Mvua ya kwanza, paka wote wa mtaa walikuwa barazani kwangu.

Vipande vya nguzo za umeme navyo huvutia kwa sababu ni vinene na vimenyooka. Nguzo hizo ni mikalitusi iliyotiwa dawa ili isioze, nyingine dawa yenye aseniki, sumu kali, ndani yake. Usizifanye meza ya chakula, usizipige msasa, na kamwe usizichome jikoni. Kwa milango ya zamani yenye rangi, hofu ni madini ya risasi, yenye sumu, yaliyokuwa yakichanganywa kwenye rangi za siku hizo. Ukilazimika kuikwangua, lowesha kwanza, kwangua ikiwa mbichi, kusanya maganda yote kwenye gazeti, na watoto wawe mbali.

Mwisho, ijue mbao yenyewe. Paini ni nyepesi, ya manjano, ina mafundo mengi na harufu ya utomvu, hukubali skrubu vizuri lakini kucha tu inaiachia alama. Mkalitusi, ambao Waganda huuita kalitunsi, ni mzito na mwekundu kidogo, mgumu, na hupasuka ncha ukiupigia msumari bila kuutoboa kwanza. Miguu ya meza itoke kwenye mkalitusi na uso kwenye paini, ukipata zote mbili.

Kuivunja paleti bila kuziua mbao

Hapa ndipo wengi huharibu. Paleti ya Ulaya, ile ya sentimita 120 kwa 80, imeshikwa na misumari 78, na misumari ya paleti si ya kawaida: ina mizunguko kama skrubu, imetengenezwa isitoke. Ukiingiza mtaimbo na kubonyeza kwa hasira, msumari utabaki palepale na mbao ndiyo itakayopasuka.

Njia ninayoipenda ni ya kukata misumari. Egemeza paleti ukutani ikiwa imesimama kwa ubavu. Ingiza kabari nyembamba kati ya ubao na mhimili wake, yaani mbao nene iliyoushika, gonga kidogo hadi upenyo wa milimita 3 au 4 uonekane, kisha pitisha msumeno wa chuma ukate misumari mmoja mmoja. Huhitaji mpini wake. Zungushia kitambaa kinene ncha moja ya ulimi wa msumeno, ushike hapo. Vichwa vya misumari vitabaki ndani ya ubao kama vitone vyeusi. Mimi huviacha vikae, kwa sababu ndivyo vinavyoonyesha meza ilitoka wapi, lakini ukitaka kuvitoa, geuza ubao na uvigonge kwa nyuma kwa msumari butu.

Ukiwa na haraka, kata ncha zote mbili za kila ubao kando ya mhimili, kisha uutikise ubao pale katikati ulipobaki umeshikwa. Utapoteza sentimita kama 20 kwa jumla, lakini ncha hizo mara nyingi zimeshapasuka.

Vaa viatu vilivyofunika vidole. Weka kopo la kutupia kila msumari ulioutoa, siku hiyohiyo, kabla watoto hawajatoka shule wakipita uani pekupeku. Msumari wenye kutu ukikuchoma kwa kina, osha kwa sabuni na maji mengi kisha uende kituo cha afya ukaulizie chanjo ya pepopunda. Kopo hilo usilimwage, tutalihitaji tukifika kwenye rangi.

Halafu tafuta spika ya redio iliyokufa, uitoe sumaku yake. Ipitishe taratibu juu ya kila ubao, pande zote mbili. Niliwahi kupeleka mbao kwenye karakana zipigwe randa ya mashine, nikaapa zote ni safi. Ubao wa nne ulikuwa na ncha ya msumari iliyozama. Sauti iliyotoka sitaisahau, na gharama ya kunoa visu vya mashine ilizidi thamani ya meza yenyewe. Siku hizi nabeba sumaku yangu mfukoni, na mzee mwenye mashine huichukua akahakikisha mwenyewe kabla hajawasha.

Kukausha, kazi ya kungoja

Piga mbao brashi ngumu na maji ya sabuni, suuza, kisha zipange chini ya paa, mahali upepo unapopita. Usizilaze moja juu ya nyingine tupu: kati ya safu na safu weka vijiti vya unene mmoja, vitatu kwa kila safu, vya juu vikiwa sawasawa juu ya vya chini. Juu kabisa weka mawe au matofali ili zisijikunje. Jua kali la moja kwa moja huzipasua, kwa hiyo kivuli ni bora.

Zikae muda gani? Kiangazi wiki mbili au tatu zinaweza kutosha. Msimu wa mvua, yaani Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, ongeza. Mimi sihesabu siku. Nachukua ubao mmoja hadi dukani kwa jirani mwenye mizani, tunaupima, naandika uzito wake juu ya ubao wenyewe kwa penseli. Baada ya siku nne tunaupima tena. Uzito ukiacha kupungua mara mbili mfululizo, mbao zimekauka kadiri hewa ya hapa inavyoruhusu. Kisha ziingize ndani ya nyumba siku kadhaa kabla ya kuzikata, zizoee hewa ya sebuleni.

Wakati huo angalia bungua. Gonga ubao juu ya karatasi nyeupe: matundu madogo yasiyotoa kitu ni makaburi ya zamani, lakini unga laini ukidondoka, mdudu yu hai ndani. Ubao huo utoe haraka, maana hakai peke yake.

Vifaa

Huhitaji karakana. Msumeno wa mkono, nyundo, bisibisi, futi kamba, skwea, penseli, keekee ya mkono au drili, randa ndogo kama unayo, na msasa namba 80, 120 na 220. Gundi nyeupe ya mbao. Skrubu za inchi 1 na robo na za inchi 2. Kubania gundi mafundi hutumia klempu. Sisi tuna mpira wa tyubu ya boda, ule uliokatwa utepe mrefu wa kufungia mizigo. Uzungushe kwa kuvuta sana, mara tano au sita, na hautalegea hadi gundi ikauke.

Meza ya sebuleni, hatua kwa hatua

Vipimo vyetu: uso sentimita 100 kwa 50, kimo sentimita 42, kinacholingana na makochi mengi. Nimechukulia mbao zako zina unene wa sentimita 2 na upana wa 10. Zikitofautiana, usiogope, kanuni nitaieleza. Kwa jumla unahitaji mbao 13 za urefu wa mita 1, kwa hiyo nunua angalau paleti mbili, maana kuna zitakazopasuka.

Kata hivi: mbao 5 za sentimita 100 za uso; vipande 8 vya sentimita 40 vya miguu; 2 vya sentimita 86 na 2 vya sentimita 32 vya fremu; na vingine 3 vya sentimita 32 vya kubebea uso kwa chini. Pima mara mbili, na vipande vinavyopaswa kulingana vipime kimoja kwa kingine, futi kamba iweke kando. Kata cha kwanza, kifanye kipimo cha vingine vyote.

1. Miguu. Kila mguu ni mbao mbili zilizoungwa kwa umbo la herufi L. Moja ni pana, nyingine nyembamba kwa unene mmoja wa ubao: kama pana ina sentimita 9, ya pili iwe na 7, kwa sababu 7 na unene wa 2 ni 9, na mguu utaonekana sawa pande zote. Hiyo ndiyo kanuni; unene wako ukiwa 1.8, punguza 1.8. Kupasua mbao kwa urefu kwa mkono kunachosha, kwa hiyo hapa ndipo ninapokwenda kwa mwenye mashine na sumaku yangu. Paka gundi ukingo wa ubao mwembamba, uegemeze kwenye ubapa wa ule mpana ukiwa umelingana na ukingo wake, toboa kwanza, kaza skrubu tatu za inchi 2 kupitia ubao mpana, kisha funga mpira. Acha usiku mzima.

2. Fremu. Upe kila upande mrefu miguu miwili: ubao mpana wa mguu utazame nje upande mrefu wa meza, na ule mwembamba utazame mwisho wake. Ubao wa sentimita 86 unaingia ndani, ncha zake zikigusa mbao nyembamba za miguu. Kaza kwa gundi na skrubu za inchi 1 na robo kutoka ndani kwenda nje, ili zisionekane. Hakikisha ncha ya juu ya mguu na ukingo wa juu wa fremu vimelingana kabisa. Fanya hivyo upande wa pili.

3. Simamisha pande mbili hizo zikitazamana, uingize vipande viwili vya sentimita 32 kati yake, kimoja kila mwisho, vikigusa mbao nyembamba za miguu kwa ndani. Kaza. Kwa nje sasa fremu na miguu vina sentimita 90 kwa 40. Kabla gundi haijashika, pima kona hadi kona kwa mshazari, kisha kona nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, kona zote za meza ziko sawa. Vikitofautiana, sukuma kona zenye kipimo kirefu hadi vilingane. Usiruke hatua hii hata kama jicho linakwambia iko sawa.

4. Uso. Laza mbao tano sakafuni, upande mzuri ukiwa chini. Tazama miduara ya umri kwenye ncha za kila ubao: igeuzegeuze, mmoja miduara itazame juu, wa pili itazame chini, ili zikijikunja zisijikunje zote upande mmoja. Kati ya ubao na ubao acha upenyo, mimi huweka sarafu ya shilingi 500 ikiwa imesimama. Mbao hupanuka mvua ikija, nayo nafasi hiyo ni ya kupumulia. Laza vipande vitatu vya sentimita 32 kukatiza mbao hizo, kimoja katikati na viwili karibu na miisho, ukiwa umepima vizuri ili vikae ndani ya fremu. Kwenye ubao wa kando kipande kitaingia sentimita 1 tu, kwa hiyo hapo usitie skrubu; ubao huo utashikwa kwenye fremu katika hatua ya 5. Kaza skrubu za inchi 1 na robo, mbili kwa kila ubao wa kati. Hapa usitie gundi. Gundi itazizuia mbao kupanuka, na zikizuiwa zitapasuka. Hilo ndilo lililoiua meza yangu ya kwanza, pamoja na ule unyevu.

5. Unganisha. Uso ukiwa bado umelala kifudifudi, igeuze fremu uipachike juu yake. Utabaki na ukingo wa sentimita 5 kila upande. Chukua mabaki sita ya mbao yenye urefu wa sentimita 5, yafunge ndani ya fremu kwenye pande ndefu, matatu kila upande, kisha kaza skrubu kutoka kwenye mabaki hayo kwenda kwenye uso, moja ya mshazari kwenda ubao wa kando na nyingine kwenda ubao unaofuata. Toboa matundu mapana kidogo kuliko skrubu ili uso upate kusogea.

6. Isimamishe mahali palipo tambarare kweli, si kwenye sakafu yenye mabonde. Mguu ukining'inia, ingiza vipande vya kadibodi chini yake hadi meza itulie. Kimo cha kadibodi ndicho unachopaswa kupunguza kwenye miguu mingine mitatu. Chora mstari kuuzunguka kila mguu kati ya hiyo mitatu, kata. Chini ya kila mguu gundisha kipande cha soli ya kandambili. Hakitelezi, hakikwaruzi saruji, na maji ya kudekia hayapandi kwenye mbao. Kwa nyumba ya sakafu ya udongo, miguu ikae ndani ya makopo mafupi na uyachungulie kila wiki. Mchwa wakijenga njia yao juu ya kopo utawaona mapema.

7. Kona za uso zizungushe: weka kizibo cha chupa ya maji pembeni, chora, kata kwa msumeno, malizia kwa msasa. Mtoto anayejifunza kutembea akianguka, kichwa chake ni rahisi kugonga kona hizi.

Sasa msasa. Namba 80 kuondoa uchafu na vibanzi, 120 kufuta mikwaruzo ya 80, 220 kulainisha, daima kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao. Ukitumia randa sana utaifuta historia yote ya ubao na utabaki na paini nyeupe kama ya dukani. Mimi naacha alama kadhaa za msumeno na kivuli cha kutu palipokuwa na msumari. Mke wa jirani alinihurumia alipoiona, akidhani sijamaliza.

Rangi kutoka kwenye kopo la misumari

Lile kopo sasa. Chukua konzi ya misumari yenye kutu, iweke kwenye chupa ya kioo, uijaze siki hadi misumari izame. Funika kwa kitambaa, si kwa kizibo, kwa sababu gesi hutoka ndani yake. Baada ya siku tano hadi saba utakuwa na maji ya kijivu au kahawia. Ukiyapaka kwenye mbao yenye tanini nyingi (ile dutu kali iliyomo pia kwenye majani ya chai), kama mkalitusi, hubadilika na kuwa meusi mbele ya macho yako. Paini haina tanini ya kutosha, kwa hiyo ipake kwanza chai ya rangi iliyokolea, majani vijiko vinne kwa kikombe kimoja, iache ikauke, ndipo upake siki yako. Utapata rangi ya mbao iliyokaa ziwani miaka hamsini. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo, kwa kuwa hakuna chupa mbili zinazotoa rangi moja.

Ikikauka, pitisha msasa 220 mara moja tu, futa vumbi kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kisha paka vanishi. Mkono wa kwanza uzimue kwa tina ili unywewe na mbao; mikono miwili inayofuata usiizimue sana, na kati ya mkono na mkono piga msasa kwa wepesi. Usipake siku ya mvua. Unyevu ukinaswa chini ya vanishi inayokauka haraka, uso hugeuka mweupe kama maziwa. Anayependa mafuta ya linsidi badala ya vanishi, matambara aliyopakia ayatandaze wazi yakauke kabla ya kuyatupa. Yakikunjwa na kurundikwa hujipasha moto yenyewe hadi yakawaka.

Kigoda cha tairi

Tafuta tairi dogo la gari, kwa mfano la ukubwa wa 175/70 R13. Gereji zitakupa kwa furaha. Lisugue kwa sabuni ya unga na brashi ndani na nje, likauke. Kata duara mbili za plaiwudi za kufunika matundu ya juu na chini, zizidi tundu kwa sentimita kama 5 kila upande, uzikaze kwa skrubu kwenye ubavu wa mpira. Usijaribu kukaza kwenye sehemu inayokanyaga barabara, humo mna nyuzi za chuma. Tairi linalosubiri zamu yake uani liwekwe chini ya paa au litobolewe chini, kwa sababu kikombe kimoja cha maji ndani yake kinatosha kulea mbu wa nyumba nzima.

Kuhusu kamba ya katani, fanya hesabu kabla ya kwenda sokoni. Tairi hilo lina kipenyo cha sentimita 57 hivi na upana wa 17.5. Kamba yenye unene wa sentimita 1 ikizungushwa ubavuni mwa kigoda tu itakula mita zaidi ya 31, na juu ikizungushwa kama konokono itakula mita nyingine 25. Karibu mita 60 kwa kigoda kimoja! Ndiyo maana vyangu navisuka ubavuni kwa utepe wa magamba ya mgomba yaliyokauka, na juu naweka sponji ya godoro la zamani iliyofunikwa kitenge. Vitambaa vya kitenge waombe mafundi cherehani mwisho wa wiki, wanapofagia.

Mapambo ya ukutani na taa

Fremu ya dirisha la zamani ikitolewa vioo na kuwekwa kioo cha kujitazamia tayari ni pambo. Nyuma yake kaza plaiwudi, na kwa uzito wake usitegemee msumari mmoja. Kwenye ukuta wa matofali toboa tundu, gonga ndani yake kijiti cha mkalitusi kilichochongwa kikaze, kata kilichobaki nje, kisha skrubu iingie kwenye kijiti hicho. Rafu ya paleti nayo itundike hivyohivyo, kwa skrubu mbili au zaidi.

Pambo ninalolipenda kuliko yote ni kivuli cha taa cha lubugo, nguo ya gome la mutuba ambayo Waganda wameitengeneza karne kwa karne. UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Huhitaji shuka zima. Wanaoshona mikoba na kofia za lubugo hubaki na vipande. Tengeneza duara mbili za waya mgumu, za ukubwa mmoja, uziunganishe kwa vijiti vitatu, uzungushie lubugo na kuishona kwa uzi wa katani. Taa ikiwaka, nyuzi za gome zinaonekana kama mishipa ya jani. Tumia balbu ya LED pekee, na kivuli kisiguse balbu, maana lubugo ni gome kavu na balbu ya zamani ni jiko.

Chupa za kioo hazinivutii sana, kila mtu anazo. Lakini ukiwa na shanga za karatasi zilizosokotwa kwa kalenda za mwaka jana, zipitishe kwenye nyuzi ndefu uzitundike mlangoni badala ya pazia. Inachukua majuma, na ni kazi ya kufanya jioni umeme ukikatika, watu wakipiga soga.

Mabaki

Vumbi na nyoya za randa za paini isiyo na rangi wala dawa mpe jirani mwenye kuku atandike bandani. Vipande vifupi vya mbao za HT viende kwenye sigiri. Vya MB, vya nguzo na vyenye rangi ya zamani visipite jikoni kabisa. Viweke kwenye gunia lake, mbali na kuni, na uliandike kwa rangi nyekundu, kwa sababu siku gesi itakapokwisha nyumbani hakuna atakayekuuliza lile gunia lina nini.